Daraja Jipya na Ardhi ya Zamani

(Mazungumzo kwa wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia, Moshi)





Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo, nilipolitaja jana kwa mmoja wenu, alicheka. Aliniuliza: “Kamati ya Haki na Amani ina shughuli gani na vigae vya vyungu?” Ni swali la haki, nami nitajitahidi kulijibu. Lakini kwanza niondoe shaka moja. Sikuja hapa kupinga madaraja. Kila mmoja wetu anajua maana ya korongo lisilo na daraja wakati wa masika. Wale wenye umri wanakumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998, zilizobomoa barabara na madaraja mahali pengi nchini. Mama mjamzito aliyekwama ng’ambo ya mto hawezi kungojea mtaalamu wa mambo ya kale amalize kupiga brashi udongo. Daraja ni haki ya watu, na anayelichelewesha bila sababu anawadhulumu.

Ninachotaka kusema ni hiki: mahali tunapojenga daraja hapa mlimani ndipo mara nyingi ardhi ilipobeba ushahidi mwingi kuliko mahali pengine popote, na ushahidi huo ni mali ya wanyonge kabla haujawa mali ya makumbusho. Kuutazama kabla ya kuchimba hakugharimu sana. Kuutafuta baada ya kuchimba haiwezekani.

Yaliyotokea mbele ya macho yangu

Kwa miaka kadhaa nilikuwa msimamizi wa vibarua katika kazi za barabara za vijijini. Katika korongo moja la ukanda wa vihamba, ambalo sitalitaja kwa kuwa wahusika wengi wangali hai na mimi ni mmoja wa wakosaji, palikuwa na daraja la zamani lenye kuta za mawe na magogo juu yake. Magari ya kahawa yalishindwa kukata kona ya pale. Ikaamuliwa daraja jipya lijengwe hatua kama ishirini juu ya lile la kwanza, ili barabara inyooke.

Katapila liliposhuka na kuuma ukingo, tukaona ndani ya ukuta wa udongo mwekundu alama ya mtaro uliojaa tope laini jeusi, na chini yake mawe yaliyopangwa kwa mkono wa mtu. Palikuwa na vigae vya chungu, na bonge moja zito la mavi ya chuma. Dereva alishuka, akatazama, akasema, “Mawe tu haya,” akapanda tena. Wakati huohuo akaja mzee mmoja ambaye ukoo wake ndio uliokuwa ukiutunza mfongo wa upande ule. Akasimama kando ya masale yaliyokuwa juu ya ukingo, akasema kwamba pale ndipo palipokuwa mdomo wa kwanza wa mfongo, kabla haujahamishiwa juu zaidi mto ulipokula kingo. Aliomba jambo dogo: tusimame siku moja, aite wenzake waje waone na kusema yao.

Aliyekuwa juu yangu kazini alitazama saa yake. Mimi nilitazama chini. Ilipofika jioni mahali pale palikuwa pamejazwa kifusi, na yale masale yalikuwa yameviringika mtoni pamoja na udongo.

Baada ya miaka michache vitongoji viwili viligombania zamu za maji ya mfongo ule. Kila upande ulidai kwamba wazee wake ndio waliouchimba kwanza. Yule mzee aliitwa kutoa ushahidi. Alipoulizwa mdomo wa kwanza ulikuwa wapi, alinyosha fimbo yake akauonyesha ukuta wa zege wa daraja. Watu wakacheka, naye akaketi. Mimi nilikuwa mmojawapo wa watu wawili au watatu ambao wangeweza kusema, “Ni kweli, nilikiona kwa macho yangu.” Sikuwapo siku ile, na hakuna aliyejua kwamba ningepaswa kuitwa. Hatukuwa tumeandika hata mstari mmoja, wala kupiga picha, wala kuokota kigae kimoja tukakiweka katika mfuko. Ushahidi wa ukoo mzima tuliuondoa kwa saa tatu za mafuta ya dizeli.

Basi nikiulizwa vigae vina uhusiano gani na haki, ninaanzia hapo.

Kwa nini hasa kwenye vivuko

Mlima wetu umekatwa na makorongo yanayotoka msituni hadi tambarare. Makorongo hayo ndiyo yaliyokuwa mipaka ya nchi za Wamangi: Weruweru uliitenga Machame na Kibosho, na Karanga ukaitenga Kibosho na Uru. Pale palipokuwa na kivuko, ndipo watu wa nchi mbili walipokutana kwa biashara, kwa posa, kwa vita na kwa mapatano. Chuma kilichofuliwa na wahunzi wa Uchagga kilitoka kwa sehemu kubwa Ugweno, huko Upare ya Kaskazini, na kilipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwenye viriba vya mhunzi. Njia za miguu zilifuata mahali mto ulipokubali kuvukwa. Barabara ya Mdachi na ya Mwingereza mara nyingi ilifuata njia hizohizo, kwa maana mteremko haubadiliki kwa kubadilika kwa serikali. Nasi leo tunafuata barabara zao. Kwa hiyo chini ya daraja la sasa, au kando yake, huenda pana tabaka juu ya tabaka za kuvuka.

Tena kuna mifongo. Msafiri Mwingereza Harry Johnston aliyekaa Moshi ya Kale mwaka 1884 aliistaajabia, na kwa hakika ilikuwapo muda mrefu kabla yake. Mdomo wa mfongo hauna budi kuwa korongoni, mahali maji yanapoweza kugeuzwa yaende kwenye mgongo wa mlima. Yaani uko palepale ambapo mhandisi anatafuta mahali pembamba na imara pa kujengea daraja lake. Mhandisi wa leo na mchimba mfongo wa zamani wanausoma mto kwa jicho moja.

Kuna pia mapango yaliyochimbwa ili watu na mifugo wajifiche wakati wa uvamizi, hasa upande wa Vunjo. Wageni hulipa kiingilio Marangu ili wayaone. Wazee husimulia kwamba udongo uliotolewa ndani ulimwagwa mtoni usiku ili adui asione chungu za udongo mpya. Ikiwa masimulizi hayo ni kweli, basi mapango mengine yako karibu na kingo za mito. Hapa namwomba mhandisi asikilize hata kama hapendi historia: msingi wa daraja ukikaa juu ya pango ambalo hakuna aliyelipima, si akiolojia peke yake itakayopata hasara.

Wataalamu walikwisha kupita katika miteremko hii. Mwaka 1971 Knut Odner alichapisha taarifa ya uchunguzi wake wa akiolojia hapa Kilimanjaro, na kabla yake Robert Soper alichunguza maeneo ya wahunzi na wakulima wa kale wa Tanzania Kaskazini Mashariki. Lakini walipita kwa miguu, walikuwa wachache, na vihamba vyetu ni vingi. Mahali ambapo hakuna alama kwenye ramani ya mtaalamu si mahali patupu. Kwa kawaida ni mahali ambapo hakufika.

Nyayo za Laetoli

Nawaomba nitoke kidogo mlimani, niwapeleke Ngorongoro, kwa sababu huko kuna mfano unaonyesha faida ya kutazama kwanza.

Wengi wenu mmesikia juu ya Laetoli, ambapo mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilifukua nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano, zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Mahali pale pakawa maarufu ulimwenguni. Ungedhani kila kitu cha maana kilikuwa kimekwisha kuonekana. Ulipofika wakati wa kutaka kujenga jumba la makumbusho palepale, haukuanza ujenzi. Ilitangulia tathmini ya athari kwa malikale. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Fidelis Masao, walichimba mashimo 62 ya majaribio, kila moja lenye mita 2 kwa mita 2. Katika mashimo machache kati ya hayo, kiasi cha mita 150 tu kutoka nyayo zile za kwanza, zikatokea nyayo nyingine 14, za viumbe wawili. Umri wake ni kama miaka milioni 3.66. Habari hizo zilitangazwa kwa ulimwengu Desemba 2016.

Fikirini kama jumba lingejengwa kwanza. Tungekuwa na makumbusho ya nyayo, yaliyosimamishwa juu ya nyayo.

Nami nafurahi kuongeza kwamba Profesa Masao huyohuyo, aliyewahi kuyaongoza Makumbusho ya Taifa, aliandika mwaka 1974 makala juu ya mifongo ya Uchagga katika jarida la Tanzania Notes and Records. Mtu mmoja aliona kwamba mfereji wa mkulima na unyayo wa mamilioni ya miaka vinastahili uangalifu uleule.

Sheria inasema nini, na inanyamaza wapi

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ndiyo sheria yetu ya msingi, ikiwa na marekebisho ya 1979. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na majengo, ngome, makaburi, mahandaki, visima na barabara za kabla ya mwaka huo. Someni vizuri, ndugu zangu: mfongo uliochimbwa kabla ya 1863 unaingia ndani ya maneno hayo. Ngome za mawe za Mangi Horombo huko Keni, Rombo, zinaingia. Na mtu yeyote anayekuta kitu cha namna hiyo ana wajibu wa kutoa taarifa bila kukawia kwa mamlaka za serikali. Wajibu huo haumwondokei dereva wa katapila, wala msimamizi wa vibarua. Mimi sikuwa naujua. Kutojua kwangu hakukumsaidia yule mzee.

Lakini mwaka 1863 ni mpaka mkali. Vita ambavyo Mangi Meli aliwashinda Wajerumani mwezi Juni 1892 viko nje yake. Mahali aliponyongwa yeye na wenzake, Machi 1900, pako nje. Misheni ya Kilema iliyoanzishwa 1890 na ya Kibosho ya 1893, majengo ya ndugu zetu Walutheri wa Leipzig waliofika 1893, reli iliyofika Moshi 1911, mahandaki ya vita vya 1916 upande wa Taveta, Latema na Kahe, vyote viko nje, isipokuwa Waziri atangaze kimoja kimoja kwamba kilindwe. Na daraja lenyewe la zamani, lile ambalo babu zetu walibeba mawe yake mgongoni kwa amri ya Mangi au ya bwana shauri, halina hadhi yoyote kisheria. Linabomolewa kama banda la kuku.

Kuna sheria ya pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, pamoja na kanuni za tathmini za 2005 zilizorekebishwa 2018. Chini ya sheria hiyo miradi mikubwa hufanyiwa tathmini kamili, na miradi midogo huchujwa kwanza ili kuona kama inaihitaji. Sera ya Malikale ya 2008 nayo imetamka kwamba miradi ya maendeleo itanguliwe na tathmini ya athari kwa malikale. Kwenye karatasi hatuko nyuma. Huko Uingereza, ambako watu hudhani mambo haya ni ya tangu zamani, ilikuwa 1990 tu ndipo serikali ilipotoa mwongozo kwamba akiolojia ya mahali ipimwe kabla kibali cha ujenzi hakijaamuliwa.

Shida yetu ni daraja dogo. Barabara kuu au bwawa kubwa haliwezi kupita bila mtu kuuliza. Benki ya Dunia inapotoa fedha, masharti yake kuhusu urithi wa utamaduni huja pamoja na fedha hizo. Lakini daraja la mita kumi na mbili, katika barabara ya kata, kwa fedha za kodi zetu wenyewe, linaweza kuchujwa kwa dakika chache mezani na kuonekana halina athari. Na Kilimanjaro si nchi ya madaraja makubwa. Ni nchi ya madaraja madogo mengi. Jambo hili naliona kuwa la aibu kidogo: kwamba makaburi yetu yaheshimiwe zaidi tunapokopa kuliko tunapojitegemea.

Uwezekano hupimwaje

Msidhani kupima uwezekano wa akiolojia ni kuchimba kijiji kizima. Kazi kubwa hufanyika bila jembe.

Kwanza husomwa karatasi. Ramani za Wajerumani na za Waingereza zinaonyesha vivuko na njia ambazo leo hatuzioni. Picha zilizopigwa kutoka angani huonyesha mistari ya mifongo iliyokufa. Na hapa Kanisa lina hazina yake. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa na desturi ya kuandika shajara za nyumba zao, siku kwa siku: nani amefika, daraja gani limechukuliwa na maji, mipaka gani imegombaniwa. Wamisionari Walutheri, kama Bruno Gutmann wa Moshi ya Kale, waliandika kwa wingi juu ya sheria na desturi za Wachagga. Sijawahi kuona taarifa ya daraja la kijiji iliyotaja kwamba mtu alikwenda kuuliza parokiani.

Pili hutembewa kwa miguu, na wenyeji wakiwa mbele. Hapa nisisitize: wasiitwe wanaume wazee peke yao. Wazee wa mfongo watajua mdomo na zamu. Lakini mwanamke aliyeteka maji korongoni kwa miaka arobaini ndiye anayejua ni wapi vigae hutokeza mvua ikikata ukingo, na ni wapi mama mkwe wake alimwambia asikate majani.

Tatu huulizwa ardhi yenyewe ina uwezo gani wa kutunza. Mto wa mlimani ukijaa hufagia kila kitu, na mahali uliposafisha hadi mwamba huwezi kukuta kitu. Lakini hatua chache juu yake, kwenye kigingi tambarare kilichoachwa na mto wa zamani, au chini ya mteremko ambapo udongo umeporomoka na kurundikana, uso wa kale unaweza kulala mita mbili chini ukiwa mzima kabisa. Pia huulizwa ni kiasi gani kimekwisha kuharibiwa. Pale msingi wa daraja la kwanza ulipochimbwa, huenda hakuna kilichobaki, na kwa hiyo kulijenga daraja jipya palepale mara nyingi ni heri kuliko kulisogeza. Zile hatua ishirini za kwetu ndizo zilizofanya madhara.

Na hapa nawapa siri ya kazi niliyoifanya: daraja lenyewe si mharibifu mkubwa. Wanaoharibu zaidi ni wale wanaolizunguka. Njia ya mchepuko inayokatwa ili magari yapite wakati wa ujenzi. Uwanja wa kuegesha mitambo na kulundika kokoto. Machimbo ya kifusi yanayofunguliwa kwenye kilima cha karibu. Mahali udongo uliotolewa unapomwagwa. Michoro huonyesha daraja kwa ustadi mkubwa, lakini mchepuko mara nyingi huamuliwa na msimamizi asubuhi moja, akionyesha kwa kidole. Tathmini isiyoyagusa hayo manne haijatathmini kitu.

Baada ya hayo ndipo huchimbwa mashimo machache ya majaribio, pale tu ambapo dalili zimeonekana. Mhandisi naye huchimba mashimo yake kupima udongo. Mtaalamu wa akiolojia akisimama kando ya mashimo hayohayo, amepata nusu ya kazi yake bure. Mwishoni hutolewa shauri: jengeni, hapana neno, au sogezeni mchepuko upande wa pili, au mtu awepo siku ya kuchimba, au, mara chache sana, fukueni kwanza. Na daraja la zamani lipimwe na kupigwa picha kabla ya kubomolewa, na jiwe lenye mwaka, kama lipo, lihifadhiwe.

Mtaniambia kwamba wataalamu ni wachache. Ni kweli. Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha akiolojia tangu 1985, na wapo vijana wenye shahada hiyo wanaouza vocha za simu. Mtaniambia pia kwamba muda hautoshi. Kwa uzoefu wangu, kati ya siku ambayo kijiji huomba daraja na siku ambayo mtambo hushuka korongoni hupita miezi mingi, pengine miaka, ya barua na bajeti. Muda upo. Tatizo ni kwamba swali huulizwa siku ya mwisho, wakati mtambo umekwisha kukodishwa na kila saa ina bei yake. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa 2015, alieleza (kwenye namba 183) kwamba tathmini ya athari haifai kufuata baada ya mradi kukwisha kupangwa. Itangulie, iwe ya wazi, na wenyeji wawe na nafasi ya pekee katika mashauri. Katika namba 143 ya waraka huohuo anauweka urithi wa historia na utamaduni pamoja na urithi wa asili kama vitu vilivyo hatarini.

Masale na mafuvu

Kuna jambo ambalo ni zito kwangu kulisema mbele ya Wakristo, lakini nitalisema. Zamani, kabla ya makaburi ya msalaba, wazee wetu walikuwa na desturi ya kuifukua mifupa ya mzee baada ya miaka na kuliweka fuvu lake kihambani, chini ya masale. Wamisionari walilikemea jambo hilo, nasi tumeona haya kulitaja. Kwa sababu hiyo hakuna anayesema kitu mchepuko unapokatwa katikati ya masale makongwe ya ukoo. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 inatoa utaratibu wa heshima kwa makaburi yanayopaswa kupisha ardhi kwa manufaa ya umma. Lakini mkandarasi hutafuta saruji na msalaba. Hatambui kaburi la masale, na wenyewe wanaona aibu kumwonyesha.

Wakati huohuo tunadai mafuvu kutoka Ujerumani. Na tunadai kwa haki! Mwezi Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu matatu na wazao wao walio hai hapa Tanzania, mojawapo likiwa la mshauri wa Mangi Meli. Nilisikia habari hizo redioni nikalia. Kisha nikayakumbuka yale masale yakiviringika mtoni, na mimi nimesimama na daftari la mahudhurio ya vibarua mkononi. Mzungu wa 1900 aliandika alichokichukua, ndiyo maana leo tunaweza kumdai. Sisi hatukuandika.

Wana wa Israeli walipovuka Yordani, Yoshua aliamuru mawe kumi na mawili yatolewe katikati ya mto na kusimamishwa, ili watoto watakapouliza maana yake wajibiwe (Yoshua, sura ya 4). Kwa hiyo kivuko si mahali pa kupita tu, hata katika Maandiko.

Kazi iliyo mbele yetu

Nimalizie na mambo ya kufanya, maana tuko semina.

Mkutano wa kijiji unapoarifiwa juu ya daraja, mjumbe wa Haki na Amani asimame na kuuliza mambo yafuatayo, kwa adabu, na aombe yaandikwe katika muhtasari: Je, uchujaji wa mazingira umefanyika, na karatasi yake iko wapi? Mchepuko utapita wapi, kifusi kitachimbwa wapi, na udongo utamwagwa wapi? Nani ametembea na wazee wa mfongo, na lini? Mdomo wa mfongo ukiguswa, nani atauhamisha, na ushahidi wa zamani wake utatunzwa na nani? Swali hili la mwisho si la mapambo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inazitambua haki za maji za kimila, na anayedai mila hana budi kuonyesha kwamba ni ya zamani. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani haitasikiliza fimbo inayoonyesha zege.

Msingoje mtaalamu ili kuanza. Katika kila parokia yapo makorongo yenye madaraja mabovu ambayo siku moja yatabadilishwa. Mnayajua kwa majina. Nendeni sasa, kabla hakuna mkandarasi wala haraka. Chukueni wazee wawili, mama mmoja mteka maji, na kijana mwenye simu ya picha. Andikeni mfongo ulikuwa unashika wapi, njia ya miguu ilishuka wapi, masale ya nani yako upande gani. Msichimbe hata kidogo, maana asiyejua kuchimba huharibu kama katapila, tofauti ni ukubwa. Nakala moja ibaki parokiani, nyingine kwa mtendaji wa kijiji, na ya tatu ipelekwe wilayani kwa mhandisi wa barabara za vijijini, ambaye kwa haki yake hawezi kulaumiwa kwa jambo ambalo hakuna aliyemwambia.

Katibu ameweka mezani orodha ya parokia. Kila mmoja aandike jina la korongo atakaloanza nalo, na jina la mzee atakayemwendea kwanza. Mimi nimekwisha kuandika la kwangu. Yule mzee wa mfongo amefariki, lakini mwanawe yuko, naye amekubali nije Jumamosi tusimame pamoja kwenye ukuta ule wa zege, nimwonyeshe nilichokiona, na tuandike.